Hita ya Mwezi wa Kumi

Mume wangu alikuwa na mapenzi mawili ambayo hakunificha: mimi na gari lake. Nani kati yetu alikuwa mke mkubwa sikuwahi kumuuliza, maana jibu nilikuwa nalo. Mimi sikuoshwa kila Jumamosi.

Lilikuwa gari la spoti, la Kijapani, la milango miwili, la zamani, jekundu ambalo jua lilikuwa limelifua mpaka likapauka. Taa zake za mbele zililala ndani ya boneti, ukiwasha zinainuka kama mtu anayefumbua macho. Ya kushoto ilikuwa mvivu, iliishia nusu, kwa hiyo gari zima lilikuwa na sura ya mlevi anayekukonyeza. Siti za nyuma zilitengenezwa kwa ajili ya watu wasio na miguu. Na lilikaa chini kiasi kwamba kushuka ilibidi ushike mlango, ugune, kisha ujivute, hata kama huna mimba.

Sasa mwenye gari hilo alikuwa nani? Bwana shamba wa tumbaku. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuingia vijiji ambako hata trekta huenda kwa dua. Shambani alikwenda na pikipiki ya ofisi, na gari likabaki nyumbani kwetu Chemchem, mjini Tabora, chini ya turubai, likisubiri Jumapili litupeleke kanisani, mwendo ambao mbuzi angeumaliza bila kuhema.

Kuliendesha nilikatazwa. "Gari hili lina wivu," alisema. Mimi nilikuwa mkunga, na pikapu ya kituo cha afya niliivusha kwenye matope ambayo yeye angeyatazama tu na kurudi nyumbani. Lakini hata ndani ya pikapu yangu, siku nilipompa lifti, hakunyamaza. Alikuwa na wimbo mmoja: "Weka tatu, mama watoto. Weka tatu. Injini inalia." Nilikuwa namsikia kwa sikio moja na kuchelewa kidogo kubadili gia, makusudi, ili aumie.

Kwa hiyo katika gari la spoti mimi nilikuwa mtu wa siti ya abiria, na siti ile hakuna binadamu aliyeijua kuliko mimi. Niliijua hasa mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi Tabora, kabla ya mvua, jua halichomozi, linashuka kabisa kukaa na watu. Rejeta ya gari ilikuwa imezeeka, na mshale wa joto ulipoanza kupanda kuelekea kwenye nyekundu, mume wangu alifanya jambo ambalo mwanzoni nilidhani ni wazimu. Alifungua hita mpaka mwisho. Hita huchukua moto wa injini na kuuleta ndani kwa watu. Injini inapona, abiria anaungua. Matundu ya upande wangu yalikuwa mazima, ya upande wake yalikuwa yameziba. Aliapa kwamba hakuyaziba yeye. Nilikuwa nafika kanisani nimeiva, kitenge kimenigandia mgongoni, uso umelowa, na wazee wa kanisa wakitikisa vichwa kwa heshima, wakidhani ni machozi ya toba.

Siri hiyo ya hita ilibaki ya watu wawili. Yeye aliona aibu kwamba gari lake linahitaji kufukizwa ndipo litembee, na mimi niliona aibu kwamba nakubali kufukizwa.

Kisha akafa. Ilikuwa mwezi huohuo wa kumi, asubuhi, akiwa na kikombe cha chai mkononi, na hakuniaga. Nilimkasirikia sana kwa hilo, na bado hasira haijaisha yote.

Tulimzika kwao Goweko. Gari liliendeshwa na shemeji yangu mkubwa, kaka yake marehemu, aliyejipa kazi hiyo bila kuombwa na mtu. Hakuijua siri ya hita. Lilimchemkia njiani, akalifungua boneti akakaribia kuungua uso, na mwisho akaingia msibani akivutwa na trekta la tumbaku. Hata hivyo, kabla udongo wa kaburi haujakauka, nilimsikia nyuma ya bani la kukaushia tumbaku akimwambia mdogo wake kwamba gari ni mali ya ukoo, na kwamba mnunuzi anaye.

Hapo ndipo mtani wetu alipoingia.

Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani walipita nchi ya Wagogo, nchi kavu, na Wagogo waliwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na wa kunywa maji. Ugomvi wa kisima kimoja miaka yote hiyo, ukazaa utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Na msibani ndiko kwake hasa: yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwiga, ili waliolia wacheke wapumzike.

Wetu alikuwa fundi cherehani wa Kanyenye, Mgogo mrefu mwembamba, aliyekuja Tabora kijana akazeekea hapo. Tangu siku ya kwanza aliniita mpagazi. Nami, kwa kuwa Wagogo tunawatania kuwa ombaomba, kila nilipopita kibandani kwake nilimuuliza leo ameomba wapi na kama wamempa. Tulipendana kwa namna hiyo.

Siku ya mazishi alivaa koti la marehemu, koti zito la sufu alilolishona mwenyewe kwa mikono yake, kwa kuwa mume wangu alitaka kufanana na mabwana shamba wa nchi zenye theluji. Akatembea kama yeye, bega moja chini. Akalipigapiga gari boneti kama yeye, kama mtu anayetuliza ng'ombe. Akakohoa kile kikohozi chake cha kutangulia neno. Nilicheka huku kamasi zinanitoka, na watu wote wakacheka kwa kuwa mimi nimecheka. Kisha akaingia ndani ya gari, akajifungia, akashusha kioo kidogo.

"Nimerithi," akasema. "Gari langu hili. Mwenye kinyongo alie."

Mashemeji walicheka nusu mdomo. Kitu kilichochukuliwa na mtani msibani hakibishaniwi, kinakombolewa kwa sharti lake tu. Wazee wakamwambia ataje sharti.

Akatazama trekta, akatazama rejeta inayotoa moshi, akatabasamu. "Mwaka ukifika, siku ya kumaliza matanga, mpagazi wangu huyu anibebe mwenyewe ndani ya gari hili, kutoka Tabora mpaka ua huu. Saa za mchana, jua likiwa utosini. Gari lisichemke njiani. Asisimame. Asikasirike. Akinifikisha, gari lake. Akishindwa kimojawapo, nalipeleka Dodoma nikafugie kuku."

Ua wote ukaangua kicheko. Mimi pia. Lakini nililitaka gari lile. Halikuwa na faida, najua. Lilikuwa ndilo kitu pekee mume wangu alichokigusa kila siku kuliko mimi, na nilitaka nione alikuwa anaona nini humo. Nilitaka kukaa siti ya kulia.

Gari likarudishwa Chemchem chini ya turubai lake, na mwaka mzima mtani aliuvaa ufunguo shingoni kwa uzi wa cherehani. Nikipita Kanyenye anautikisa. "Mpagazi! Kuku wangu wanakusalimu!"

Siku ilipofika alikuja Chemchem ameshavaa. Koti la sufu, kofia ya marehemu, na peni ya marehemu mfukoni. Mwezi wa kumi, hakuna hata kivuli cha wingu, mbwa wamelala kwenye mitaro. Alibeba dumu la maji akaliweka katikati ya miguu yake.

"Maji ya nani hayo?" nikamuuliza.

"Ya mwenye gari. Mpagazi akitaka kunywa atatoa hongo, kama babu zake."

Nikakaa siti ya kulia kwa mara ya kwanza. Ngozi ya siti ilinichoma mapaja nikaruka. Usukani ulikuwa wa moto, nikaushika kwa kanga. Na nilipoweka mkono kwenye kirungu cha gia nikakuta kimelika upande mmoja, umbo la kiganja chake. Nikajifanya natafuta miwani.

Kwenye lami tulikwenda vizuri. Nalisema wazi: raha! Gari lile lilikuwa linanguruma chini ya makalio yangu, malori yananipisha, upepo unaingia madirishani moto kama wa mdomo wa tanuri, na mimi mjane wa watu nikajikuta nacheka peke yangu. Kumbe ndiyo hii aliyonificha. Nikamtukana kidogo moyoni, kwa upendo.

Mtani akaanza kazi yake. Akakohoa. "Weka tatu, mama watoto. Weka tatu. Injini inalia."

Sauti ileile. 

"Uso wako umelowa, mpagazi. Unalia au umekasirika? Ukikasirika umeshindwa."

"Jasho," nikasema. Nikaweka tatu.

Tulipoacha lami kuingia barabara ya vumbi, mwendo ukapungua. Gari la chini vile kwenye makorongo linakwenda kama bibi harusi, hatua na kutulia. Upepo wa kupoza rejeta ukakosekana. Mshale ukaanza kupanda. Mtani aliuona kabla yangu, maana alikuwa anautazama kama mtu anayetazama nyama ikiiva. Akaanza kuhesabu majogoo wake wa Dodoma.

Nikanyoosha mkono, nikafungua hita mpaka mwisho.

Hakuelewa mara moja. Alitazama dirishani, miyombo imeanza kutoa majani mekundu, mizinga ya nyuki inaning'inia, mabani ya tumbaku. Kisha akaanza kujikuna miguu. Kisha akainama, akaweka kiganja kwenye tundu, akakitoa haraka.

"Mtani. Kuna moto huku chini."

"Ni hita."

"Hita?"

"Nimeona umevaa koti. Nikajua unasikia baridi."

Alinitazama, akautazama mshale. Ulikuwa umesimama. Ukatetemeka, ukarudi chini kidogo, polepole. Sijawahi kuona uso wa mtu ukielewa jambo kwa uchungu kama ule.

"Izime, mpagazi."

"Nizime? Kwa nini? Kumbe hata wewe unaweza kukasirika?"

"Nani kakasirika!" akasema, na jasho likimtiririka kutoka ndani ya kofia.

Koti hakuweza kulivua. Mtani aliyevaa nguo ya marehemu haivui mpaka matanga yamalizwe mbele ya watu, na alikuwa amelifunga vifungo vyote kwa ujeuri wake. Nikamwacha aive. Baada ya miaka yote niliyofukizwa kwenye siti ile, nikiwa na skafu na kitabu cha nyimbo, hatimaye nilipata mwenzangu. Alitoa miguu kwenye viatu, akaipandisha kwenye dashibodi. Dashibodi ilikuwa ya moto kuliko sakafu, akaishusha. Akafungua dumu, akanywa. Akanywa tena.

"Babu zetu walilipa kwa maji ya kwenu," nikamwambia. "Leo Mgogo anakunywa bure Unyamwezi. Utalipa nini?"

"Nitakusamehe injini, kuku hawaihitaji."

"Siyo yako kuisamehe."

Karibu na Goweko nikaona vumbi mbele, na ndani ya vumbi pembe. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara, ng'ombe hawahesabiki, taratibu, kama wenye hati ya ardhi ile. Mtani akakaa wima. Rangi ikamrudia usoni.

"Simama, mpagazi. Utaua mali ya watu."

Pembeni palikuwa na uwanja mtupu, wa kupakilia tumbaku wakati wa msimu. Nikakata usukani nikaingia uwanjani, nikaanza kuzunguka. Gia ya kwanza, duara, vumbi, tukirudi palepale. Mchungaji wa ng'ombe, mzee wa Kisukuma mwenye fimbo na redio shingoni, aliacha kupiga miluzi akatutazama.

"Mwadila mayu!" akanisalimu tulipopita.

"Mwadila!" nikajibu. Mzunguko uliofuata nikamalizia: "Habari za ng'ombe?"

"Nzuri!" Tukapita. Tukarudi. "Mnatafuta nini hapo?"

"Hatutafuti kitu!" Tukapita, tukarudi. "Tunakwenda Goweko!"

Akafikiri mzunguko mzima. "Goweko ni kule!" akaelekeza kwa fimbo, kwa huruma, kama mtu anayeongea na wagonjwa.

Mtani alikuwa amejikunja kwa kicheko na kwa kichefuchefu. Mimi nilikuwa nautazama mshale. Mwendo ule wa konokono ulikuwa unaliua gari, na hita ilikuwa imeshatoa yote iliyokuwa nayo. Mshale uligusa nyekundu. Nikasikia harufu ile tamu ya rejeta inayotaka kusema. Nilianza kuomba, na simwombi Mungu mambo madogo. Nilimwomba na mume wangu, nikamwambia asiwe mchoyo hata kaburini, aliachie gari lake linifikishe.

Ng'ombe wa mwisho, ndama kilema, alivuka. Nikatoka.

Tuliingia ua wa wakwe na watu wameshajaa, vyungu vya pilau mekoni, msalaba mpya umefunikwa kitambaa cheupe. Nikapita katikati yao, nikazunguka mpaka mbele ya nyumba, nikazima injini. Hapo gari likatoa pumzi ndefu, na mvuke mweupe ukaruka kutoka kwenye boneti mpaka juu ya paa.

"Limechemka!" akapaza sauti shemeji mkubwa, akija mbio kwa furaha. "Limechemka, watu wote mmeona! Ameshindwa. Gari la mtani. Mtani, njoo tuongee kando, mimi nina mnunuzi, tutaelewana."

 Wazee wakamtazama mtani, maana kauli ilikuwa yake. Akisema limechemka, limechemka. Alishuka polepole, akishikilia mlango, akiguna, kama tunavyoshuka wote. Koti lilikuwa linadondosha maji. Akatazama mvuke. Akanitazama mimi, nilivyokaa na usukani mikononi.

Angeweza kulichukua. Nataka hilo lieleweke.

"Nilisema lisichemke njiani," akasema. "Hapa ni njiani? Hapa ni nyumbani kwa watu. Limefika, likapiga hodi." Akauvua ule uzi wa cherehani uliokaa shingoni mwaka mzima, akanivisha mimi, ingawa ufunguo wenyewe ulikuwa kwenye swichi. "Gari la mpagazi."

"Basi limerudi kwenye ukoo," akasema shemeji.

"Ukoo upi?" mtani akamgeukia. "Ukoo uliliacha mwaka jana mlipocheka. Lilikuwa langu. Mimi nimeshindwa na huyu, sikushindwa na ninyi. Unataka na wewe kushindana? Panda. Siti ya abiria iko wazi, na mama huyu atakuwashia hita."

Watu wakaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho neno likaisha. Niliteremka nikamwambia yeye ni mwizi, mtoto wa wezi wa visima. Akasema hata asante ya kipagazi ina harufu ya mzigo.

Baada ya sala na chakula, msalaba ukafunuliwa, na mtani akavua koti mbele ya watu wote. Likakunjwa, akapewa liwe lake. Kofia na peni wakapewa wanangu. Kuanzia hapo marehemu haigwi tena. Ndiyo maana ya kumaliza matanga: aliyekwenda aachwe aende.

Tuliondoka jua likiwa limelegea, rejeta imejazwa maji, upepo umeanza kuwa na ubinadamu. Sikuhitaji hita, nikaifunga. Mtani alikaa kando yangu na shati lake, koti likiwa magotini. Bila koti alionekana mdogo, fundi cherehani tu, mtu mzima aliyechoka.  Nilikuwa nimelipata gari langu. Na ndani yake palikuwa na ukimya ambao sikuwa nimeutegemea, kwa kuwa gari lile halikuwahi kunyamaza likiwa na mimi ndani.

Tukafika kwenye lami. Nikaweka moja, nikaweka mbili. Nikabaki hapo.

Injini ikaanza kunguruma, kisha kupiga kelele. Pikipiki zikatupita, waendeshaji wakigeuza vichwa. Mtani akanitazama pembeni.

"Mpagazi, unaua gari," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Sisikii."

Injini ililia. Nilitazama mbele tu, mkono kwenye kirungu kilicholika, sikukisogeza. Alielewa ninachotaka, na alijua kuwa hakiruhusiwi.  Kisha akalikunjua koti, akalitupia mabegani bila kuingiza mikono, akakohoa kile kikohozi.

"Weka tatu, mama watoto," akasema. "Weka tatu. Injini inalia."

Nikaweka. Nililia mpaka tulipoziona taa za mjini, na hita ilikuwa imefungwa, kwa hiyo sikuwa na cha kusingizia.